Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Hospitali Yetu: Saa Zilizo Kati ya Sindano na Mashine

Kwa:
Mganga Mfawidhi,
Meneja wa Maabara,
na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Dar es Salaam.

YAH: UHIFADHI NA USAFIRISHAJI WA SAMPULI ZA DAMU KUTOKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Ndugu Viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, na kwa sasa ni mjumbe anayewakilisha wananchi katika kamati ya usimamizi ya mojawapo ya zahanati zinazoleta sampuli za damu kwenye maabara yenu. Jina la hospitali sikuliandika humu kwa makusudi, kwa sababu nia yangu si kuwavunjia heshima mbele za watu, na najua mtakaposoma mtajitambua. Jambo hili nimelifikisha kwenu kwanza kwa mdomo, kisha kwa barua iliyopokelewa masjala na kugongwa muhuri, kisha kupitia muhtasari wa kikao cha kamati yetu. Jibu lililorudi ni kwamba linafanyiwa kazi. Msimu wa joto ulikwisha, mwingine ukaingia, na sampuli bado zinasafiri vilevile. Wanaoumia ni watu ambao hawana namna ya kujua kwamba wanaumizwa, kwa hiyo nimeona ni haki yao jambo hili lisemwe hadharani.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mashine zenu, ambazo ni nzuri, wala na watumishi wenu, ambao wengi nawafahamu na kazi wanaijua. Malalamiko yangu yanahusu saa zinazopita tangu sindano inapotoka mkononi mwa mgonjwa hadi mrija unapoingia kwenye mashine. Katika saa hizo damu haijafa. Chembechembe zake zinaendelea kula sukari, kuvujisha chumvi na kubadilika umbo, kwa kasi inayotegemea joto la mahali zilipowekwa. Mashine hupima damu jinsi ilivyo wakati huo wa kupimwa, ilhali daktari anayasoma majibu kama habari ya mgonjwa alivyokuwa alipotolewa damu, na kwa habari hiyo anaandika dawa. Wataalamu wa Italia, Plebani na Carraro, walipofuatilia makosa ya maabara yao na kuchapisha matokeo mwaka 1997, walikuta takriban asilimia 68 ya makosa yametokea kabla sampuli haijaanza kupimwa. Hao walikuwa na maabara ndani ya hospitali yenyewe. Sisi tuna barabara ya kilomita nyingi, jua la Dar es Salaam na pikipiki moja.

Hoja zangu ni hizi.

1. Saa ya kuchukua damu haiandikwi.

Kwenye fomu yenu ya maombi ya vipimo kuna kisanduku kilichoandikwa "saa ya kuchukua sampuli". Katika fomu nilizopitia pale zahanati kabla hazijaondoka, kisanduku hicho kiko wazi fomu baada ya fomu. Pale kilipojazwa, fomu zote za siku hiyo zina saa moja, kwa mwandiko mmoja, kana kwamba wagonjwa wote walidungwa sindano kwa wakati mmoja. Karatasi ya majibu inayorudi kwetu inaonyesha saa ya kupokelewa na saa ya kutolewa majibu tu. Sampuli iliyochukuliwa saa mbili asubuhi na kufika kwenu saa tisa alasiri inaonekana kwenye karatasi hiyo kama imezaliwa saa tisa.

Nimeiweka hoja hii ya kwanza ingawa inaonekana ni ya makaratasi, kwa kuwa bila saa hiyo hakuna kosa lolote kati ya yanayofuata linaloweza kugundulika.

2. Kila mrija unaingizwa friji.

Katika vituo vinavyokusanya damu imejengeka imani kwamba ubaridi ni kinga ya kila sampuli, na maelekezo yenu ya mdomo yameikuza: damu ikishatolewa iwekwe friji isubiri usafiri. Kwa baadhi ya vipimo ni sawa. Kwa potasiamu ni hatari, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, maana hoja hii ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ndani ya chembechembe nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo kwenye majimaji ya damu yanayozizunguka. Siku zote huwa inavuja kidogo kidogo, na kuna pampu kwenye kuta za chembechembe zinazoirudisha ndani kwa kutumia nguvu inayotokana na sukari. Mrija ambao haujazungushwa kwenye sentrifuji, mashine inayouzungusha kwa kasi ili seramu, yaani majimaji ya damu, itengane na chembechembe, ukiwekwa kwenye nyuzi 4, pampu hizo hukaribia kusimama huku uvujaji ukiendelea, na baada ya saa kadhaa potasiamu ya kwenye seramu inakuwa imepanda. Mrija huohuo ukiachwa kwenye joto kali, pampu zinafanya kazi kwa kasi na potasiamu inashuka kwa saa za mwanzo, kisha sukari inapokwisha inaanza kupanda. Kwa hiyo damu ya mtu mmoja, iliyotoka kwenye mshipa mmoja, inaweza kutoa majibu ya juu, ya chini au ya kawaida kutegemea tu mrija ulilala wapi na kwa muda gani. Mgonjwa ambaye potasiamu yake kweli iko juu anaweza kuambiwa yuko salama kwa sababu mrija wake ulizunguka na pikipiki juani tangu asubuhi.

Kuna jambo moja linalofanya kosa hili kuwa baya kuliko mengine. Damu iliyopasuka kwa kutikiswa au kwa kuvutwa vibaya na sindano hutoa seramu ya waridi au nyekundu. Fundi huiona, na mashine za kisasa zinaweza kuupima wekundu huo na kutoa onyo. Uvujaji unaosababishwa na ubaridi hauzipasui chembechembe. Seramu inatoka safi, ya manjano, kama vitabu vinavyotaka iwe. Jicho haliwezi kulikamata kosa hilo wala mashine haiwezi. Linakamatwa kwa saa tu, na saa ndiyo hiyo isiyoandikwa.

Kwa ridhaa yake naeleza yaliyompata mama mmoja wa mtaani kwetu, mgonjwa wa presha ambaye figo zake zinafuatiliwa kwa karibu. Alitolewa damu zahanati alasiri, pikipiki ya sampuli ikiwa imeshapita. Mrija ulilala friji bila kuzungushwa, ukachukuliwa kesho yake. Majibu yalitoka potasiamu 6.9, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5 hivi, na kiwango kama hicho alichopewa kinaweza kusimamisha moyo. Alipigiwa simu usiku, akaambiwa aache dawa yake ya presha na akimbizwe hospitali. Wanawe walikopa nauli ya teksi. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro yoyote, na damu mpya iliyotolewa na kupimwa palepale ilikuwa 4.6. Hadi hapo tunaweza kushukuru. Lakini hakuna aliyepewa jukumu la kumwambia airudie dawa aliyokuwa ameambiwa aiache, na presha yake ilipanda kwa siku nyingi kabla jambo hilo halijagunduliwa kliniki. Nilipouliza maabara, nilijibiwa kwamba mashine ilikaguliwa siku hiyo na ilikuwa sawa. Naamini kabisa ilikuwa sawa. Ilipima kwa usahihi potasiamu iliyokuwa imevujia kwenye mrija usiku kucha.

Potasiamu si peke yake. Mirija ya kizibo cha bluu, ya vipimo vya kuganda kwa damu, haitakiwi kuwekwa friji ikiwa na damu nzima, kwa sababu ubaridi huziamsha baadhi ya protini za kugandisha na kuziondoa nyingine, kiasi kwamba mtu mwenye afya anaweza kuonekana ana ugonjwa wa kutokwa na damu, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akabadilishiwa dozi bila sababu. Chupa za kuotesha bakteria nazo zinatakiwa zikae nje ya friji, kwa sababu baadhi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo na wa nimonia hawavumilii ubaridi. Sampuli za CD4, kipimo cha chembe za kinga kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, vilevile. Nimeziona zote hizi zikilala pamoja kwenye rafu moja.

3. Sukari inayeyuka njiani.

Damu ambayo haijatenganishwa hupoteza sukari kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida la chumba, na kwa kasi zaidi joto linapoongezeka. Chukueni mtu ambaye sukari yake kabla ya kula ni 7.4, yaani amevuka kiwango cha 7.0 kinachotumika kutambua kisukari. Kwa upotevu wa asilimia 6 kwa saa, baada ya saa 4 mashine itasoma karibu 5.8. Mtu huyo atapongezwa na kurudishwa nyumbani, naye ataendelea na chai yake ya sukari hadi miguu ianze kufa ganzi.

Mtasema ipo mirija ya kizibo cha kijivu yenye floridi, kemikali ya kuzuia chembechembe zisile sukari. Ipo, lakini floridi huchukua saa moja au zaidi hadi iusimamishe kabisa ulaji wa sukari, kwa hiyo hasara ya mwanzo haizuiliki hata kwa mirija hiyo. Na mirija hiyo inapokwisha zahanati, jambo ambalo si la nadra, sukari huombwa kwenye mrija wa kawaida pamoja na vipimo vingine, na maabara yenu huupokea na kuupima bila kuandika neno lolote pembeni ya majibu. Hilo la kutoandika neno ndilo linalonikera kuliko kuisha kwa mirija.

4. "Joto la chumba" la Dar es Salaam si lile la kwenye kitabu.

Maelekezo ya watengenezaji wa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, yanaposema sampuli ikae kwenye joto la chumba, kwa kawaida yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha kutolea damu cha zahanati yenye paa la bati, kisicho na kiyoyozi, mwezi wa Februari, hakiko hapo. Kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana katika jiji hili hufika nyuzi 32 kivulini, na ndani ya chumba chenye watu wengi na feni moja si ajabu likazidi. Sanduku jeusi nyuma ya pikipiki iliyosimama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa saba mchana ni habari nyingine kabisa.

Damu ya mrija wa kizibo cha zambarau kwa ajili ya picha kamili ya damu, yaani kuhesabu na kukagua chembe zake, inahimili saa 24 kwenye chumba halisi cha maabara. Kwenye joto letu chembechembe huvimba mapema, kipimo cha ukubwa wake kinapanda, chembe nyeupe zinaanza kuharibika na fundi anashindwa kuzitofautisha chini ya hadubini. Vimelea vya malaria navyo hubadilika umbo vikikaa ndani ya mrija huo, ndiyo maana tulifundishwa kutengeneza slaidi ndani ya saa moja hivi, pale pale damu ilipotolewa. Kwa kipimo cha wingi wa virusi vya Ukimwi, utaratibu wa kawaida ni plazima, yaani majimaji ya damu isiyoachwa igande, itenganishwe ndani ya saa 24, na baadhi ya mashine zinataka mapema zaidi damu ikikaa nje ya friji. Plazima ikishatenganishwa hukaa siku kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Tatizo linakuja pale damu nzima inapokaa kwenye joto letu hadi kesho yake. Virusi vikianza kuharibika ndani ya mrija, mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa kumsaidia anaweza kuonekana anaendelea vizuri, na nafasi ya kumbadilishia dawa mapema ikapotea.

Nitaje pia mwanga. Bilirubini, kipimo cha manjano ya watoto wachanga, huharibiwa na mwanga, na majibu hushuka. Rafu ya kusubirishia sampuli kwenye mapokezi yenu iko dirishani, upande wa jua la asubuhi. Kuihamisha hakuhitaji kikao wala bajeti.

5. Deli la barafu.

Sampuli husafirishwa kwenye deli la plastiki, la aina ileile inayobeba maji ya baridi stendi, likiwa na barafu iliyogandishwa kwenye mifuko ya nailoni. Nimesimama karibu na deli hilo lilipofunguliwa. Barafu iliyogusana moja kwa moja na mirija ilikuwa imegandisha sehemu ya damu, na damu nzima ikishaganda kwa barafu kisha ikayeyuka, chembechembe zake zimepasuka na haifai tena kwa karibu kila kipimo. Upande wa pili barafu ilikuwa imeshayeyuka, mirija inaelea kwenye maji, na karatasi mbili za majina zilikuwa zimebanduka na kulala chini. Kijana aliyepokea alizirudishia kwenye mirija miwili iliyobaki bila karatasi. Sijui alijuaje ipi ni ya nani, na nilipomuuliza alinyamaza. Simlaumu yeye, kwa sababu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ana ruhusa ya kuikataa mirija hiyo.

Utaratibu wa kufungasha sampuli za wagonjwa kwa tabaka tatu ni wa kimataifa na hauna siri: mrija wenyewe, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kufyonza kimiminika, kisha sanduku gumu la nje. Vipande vya ubaridi huwekwa nje ya chombo cha pili, na kwa sampuli zisizotaka ubaridi havitumiki vilevile. Utaratibu huo unamlinda mgonjwa, na unamlinda pia mwendesha pikipiki, ambaye leo akianguka barabarani damu za watu zitamwagika lami yeye akizikusanya kwa mikono mitupu.

6. Daftari la joto linajazwa kwa mazoea.

Kwenye mlango wa friji la sampuli kuna karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Niliisoma. Mstari wa wiki nzima ulikuwa na namba 5, kwa kalamu moja na mkono mmoja, ikiwemo siku ambayo eneo lote lilikosa umeme kuanzia mchana hadi usiku na jenereta haikuwashwa kwa kukosa mafuta. Karatasi ya namna hiyo ni afadhali isiwepo, kwa sababu mkaguzi akiiona ataridhika.

Ndugu Viongozi, kwa kuwa nimekaa upande wenu wa meza kwa miaka mingi, najua majibu yatakayotolewa, na naomba niyazungumzie kabla hayajatolewa.

Litatajwa suala la bajeti. Sentrifuji ndogo ya mezani kwa kila kituo kinachokusanya damu ni gharama, sibishi, ingawa gharama hiyo ingepungua kwa kuanza na vituo vya mbali. Lakini kuandika saa hakuna gharama. Kuihamisha rafu kutoka dirishani hakuna gharama. Kubandika ukutani orodha ya vipimo vinavyotaka ubaridi na visivyoutaka ni karatasi moja. Na kila kipimo kinachorudiwa kwa sababu ya sampuli mbovu kinatumia kitendanishi mara mbili, kwa hiyo hata hesabu ya fedha haiutetei utaratibu wa sasa.

Litatajwa suala la foleni na umbali, hasa kwa vituo vya Chanika, Mbagala na ng'ambo ya Kigamboni. Foleni ipo na haitaondoka kesho. Ndiyo sababu damu inatakiwa kutenganishwa kabla ya safari. Mrija wenye jeli ukiachwa nusu saa damu igande, kisha ukazungushwa zahanati, jeli hukaa kati ya seramu na chembechembe, na baada ya hapo foleni ya saa 3 haina madhara kwa potasiamu wala sukari. Maabara kuu iukumbuke tu mwiko wa kuuzungusha mrija huo mara ya pili, maana potasiamu iliyojikusanya chini ya jeli itapanda juu.

Litatajwa suala la umeme. Lakini chanjo za watoto zinafika kwenye zahanati hizohizo zikiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zina vibebeo vyake maalumu, vipande vya ubaridi vilivyoandaliwa, vipimajoto ndani ya friji na mtu anayewajibika kwa jina, na kazi hiyo imefanyika kwa miaka mingi katika umeme huuhuu na barabara hizihizi. Wauguzi wanaolinda chanjo ndio haohao wanaotoa damu. Wanachokosa kwenye damu ni maelekezo ya maandishi na vifaa, uwezo wanao.

Na litatajwa lile la mwisho, kwamba hakuna mgonjwa aliyelalamika. Mgonjwa atalalamikaje, na yeye anapewa karatasi yenye namba na muhuri? Aliyeambiwa hana kisukari anakwenda nyumbani kwa furaha. Maabara inayotaka kutambuliwa kwa kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, ISO 15189, ambacho nasikia mnakiandalia maombi, inatakiwa iwe na utaratibu wa kusafirisha, kupokea na kukataa sampuli, na isikae kusubiri malalamiko ya wagonjwa ndipo igundue hitilafu zake.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba ya kamati na ya wananchi wanaotumia vituo vyetu, mambo yafuatayo. Kuanzia sasa, sampuli isiyo na saa ya kuchukuliwa isiingizwe kwenye mashine hadi kituo kipigiwe simu na saa ipatikane, na saa hiyo ichapwe kwenye karatasi ya majibu pamoja na saa ya kupokelewa, ili daktari aone mwenyewe umri wa damu anayoisoma. Maabara itoe kwa maandishi, kwa Kiswahili, vigezo vya kukataa sampuli kwa kila kipimo, na kijana wa mapokezi apewe mamlaka ya kuvitumia bila kuogopa kugombezwa. Pale ambapo sampuli haiwezi kupatikana tena, kwa mfano ya mtoto mchanga aliyeshindikana kupatikana mshipa, majibu yatolewe yakiwa na maelezo ya kasoro yake.

Tunaomba pia vituo vya mbali vipewe sentrifuji na mirija ya jeli, vibebeo halali vichukue nafasi ya deli, na ndani ya kila kibebeo kiwekwe kipimajoto kinachojirekodi chenyewe, kisichohitaji mtu kuandika namba 5. Pikipiki ipite mara mbili, asubuhi na alasiri, na siku isiyopita kituo kijulishwe mapema ili damu isitolewe kabisa siku hiyo, isipokuwa kwa dharura inayopelekwa moja kwa moja. Mgonjwa aliyefunga tangu usiku ana haki ya kuambiwa mapema kwamba leo hakuna usafiri.

Ombi la mwisho ni zito, nalo nalitilia mkazo kuliko yote. Pitieni majibu ya potasiamu mliyotoa kwa vituo vya nje katika msimu uliopita, mtafute yale ya juu kupita kiasi na yale ya wagonjwa wa figo na wa presha, na wagonjwa hao waitwe wapimwe upya bila malipo. Rejista za vituo zina majina na namba za simu. Kamati yetu iko tayari kusaidia kuwatafuta mtaa kwa mtaa, na mimi binafsi najitolea kukaa na watumishi wenu kuandika vigezo vya kupokea sampuli, bila posho.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likionyesha lipi litafanyika, lini, na nani anawajibika nalo. Muda huo ukipita bila jibu, kamati itawasilisha suala hili rasmi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, pamoja na nakala za fomu zisizo na saa, ambazo tumezihifadhi baada ya kufuta majina ya wagonjwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Mjumbe mwakilishi wa wananchi, Kamati ya Usimamizi wa Zahanati,
Dar es Salaam.

Nakala: Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati, waganga wafawidhi wa vituo vinavyoleta sampuli.